Kula samaki kwenye mgahawa wa zamani Unguja, hatua kwa hatua

Haya ni kwa anayetua Unguja kutoka bara au ughaibuni, na anataka samaki aliyepikwa kama wanavyomla wenyeji. Hoteli za ufukweni zenye mishumaa mezani siziandikii, maana huko kuna watu wa kukuongoza tangu mlangoni. Nazungumzia migahawa ya Mji Mkongwe na Ng'ambo ambayo baba alimwachia mwanawe, feni linazunguka polepole, na aliyekaa meza ya pembeni anakula hapo tangu hajaoa. Ukielewa jambo moja tu, mengine yatakuja yenyewe: mgahawa wa namna hii hauagizwi kwa kusoma ubao. Unauliza kwanza bahari imetoa nini leo, ndipo unachagua.

1. Tazama upepo na mwezi

Wageni wengi huchagua siku ya kula samaki kwa kutazama ratiba ya boti ya kutoka Dar es Salaam. Mvuvi anatazama vingine. Kuanzia Desemba mpaka Machi inavuma kaskazi, bahari inatulia, na hata ngalawa ndogo inaweza kuvuka mwamba kwenda maji makubwa. Huo ndio wakati wa kuwatarajia jodari, nguru na nduaro mezani. Masika yakipita, kusi inashika mpaka karibu Septemba. Siku inapokaza, wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba, mnadani samaki wakubwa wanapungua na bei inapanda. Usikate tamaa kwa hilo. Ndiyo majira ya kula tasi na changu wa madema, ile mitego ya kusuka, ambao mimi nawapenda kuliko jodari, ingawa najua wapo watakaonibishia.

Mwezi nao una kazi yake. Ukiandama au ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na kutoka sana, tofauti kati ya kujaa na kupwa inafika kiasi cha mita 4. Mwamba unabaki wazi, na wanaochokoa pweza, wengi wao wanawake, wanatembea mbali sana kutoka ufukweni. Kwa hiyo ukitaka pweza, lenga siku za bamvua au ya pili yake. Maji yakiwa mafu, yaani hayajai wala kutoka sana, pweza unayemkuta huenda alilala kwenye barafu. Vijiji kadhaa, Kizimkazi kikiwemo, vina desturi ya kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue, na siku ya kufungua wanatoka wakubwa ajabu. Ukisikia mahali pamefunguliwa, badilisha mipango yako.

Dagaa ni kinyume. Wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi inaishinda taa ya mvuvi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa wanapumzika.

2. Fika mchana, tena mapema

Mgahawa wa zamani ni wa chakula cha mchana. Sufuria zinaanza kufunuliwa saa sita, na mpaka saa nane vile vizuri vimekwisha. Ukifika saa tisa na nusu utaambiwa "kimebaki kuku", na kuku hukumfuatia bahari. Mgahawa unaoishiwa ni dalili njema: amepika cha leo, kimeliwa leo. Ule ambao saa tatu usiku una kila kitu kilichoandikwa kwenye orodha, tena kwa wingi, una friji kubwa.

Siku ya Ijumaa panga vizuri. Wakati wa sala ya mchana milango mingi inafungwa, na watu wakitoka msikitini wanakuja kwa pamoja. Isitoshe Ijumaa ni siku ya biriani na pilau, kwa hiyo samaki wa mchuzi anaweza asiwepo. Ramadhani usitafute mgahawa mchana kabisa. Subiri magharibi, na huenda ukabahatika zaidi, kwa kuwa futari ya Unguja ni meza ya peke yake: muhogo wa nazi, ndizi mbichi za nazi, na kipande cha samaki wa kukaanga pembeni.

3. Kuutambua mgahawa wenyewe

Uzee wa kibao si ushahidi. Kuna sehemu zina jina kubwa na mpishi aliyelijenga jina hilo amekwisha kufariki, wanaoendesha sasa wanakula urithi tu. Angalia wanaokula. Ukiona makuli wa bandarini, makarani, mafundi na mzee mmoja mwenye kanzu wote wamebanana benchi moja, ingia. Ukiona wageni watupu wenye kamera, soma bei kwanza.

Kuna mambo ninayoyaangalia kabla sijakaa. Sinki la kunawia liwe karibu na mlango na lina sabuni. Kabati la kioo lenye samaki wa kukaanga lisiwe limejaa mpaka juu wakati wa adhuhuri, kwani hao ni wa asubuhi na wameshakauka. Mafuta ya karai yakiwa meusi kama kahawa, agiza kitu cha mchuzi. Harufu ya jikoni iwe ya nazi, mkaa na ndimu. Shombo kidogo si kosa, ni samaki, lakini harufu kali inayopanda puani na kuwasha macho ni ya kukutoa nje.

Kama hujui pa kuanzia, uliza Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904. Ndani kuna ukumbi wa samaki na mnada. Usimuulize mtembeza wageni, muulize anayeparua magamba: "Bwana, mchana wewe unakula wapi?" Atakutajia kichochoro ambacho hakimo kwenye ramani ya simu.

4. Ingia kwa salamu

Hili ni fupi ila watu wa bara hulisahau. Usiingie na "nipe menyu". Sema "Asalaam aleikum", au "habari za mchana", na kama aliyeko kwenye meza ya fedha ni mtu mzima, mwamkie "shikamoo" ndipo ulizie kiti. Muhudumu aitwe kaka, dada au bwana. Usimpigie mluzi wala kumgongea meza. Vaa nguo ya heshima, mabega na magoti yafunikwe, maana upo katikati ya watu wanaotoka msikitini na shuleni. Pombe hakuna, na usiulize. Baadhi ya sehemu zina chumba cha familia nyuma ya pazia; ukiwa na mama au dada zako utaelekezwa huko, na mara nyingi ndiko kwenye feni zuri.

5. Uliza, kisha uone

Swali la kwanza: "Leo kuna samaki gani?" La pili: "Ameingia lini?" Swali la pili ndilo linalomwonyesha mwenye mgahawa kwamba unajua unachofanya. Mkweli atakujibu bila kuzunguka: changu wa alfajiri, jodari wa jana kwenye barafu, pweza wa bamvua. Barafu si aibu. Samaki wa jana aliyekaa kwenye barafu tangu kwenye chombo ni bora kuliko wa leo aliyeshinda juani dikoni, pale vyombo vinapotua.

Kama unaagiza samaki mzima, omba kumwona kabla hajaingia jikoni. Hakuna atakayechukia. Macho yawe yamejaa na yanang'aa, yasiwe yamezama wala kupiga ukungu. Funua mashavu: ndani pawe pekundu, pasiwe pa kahawia wala pa utelezi. Bonyeza mnofu kwa kidole, ukirudi haraka yuko sawa. Kaa lazima awe hai mpaka dakika ya kupikwa. Kamba ambaye kichwa kimeanza kuwa cheusi na kinalegea kutoka mwilini, mwache. Papa na taa wakianza kuharibika wananuka kama choo kisichomwagiwa maji, na ndimu haiwezi kuificha harufu hiyo.

Jodari, vibua na nguru wana hatari yao wenyewe ambayo macho hayaioni. Wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Dalili ya kwanza ni ulimi: ukihisi muwasho kama wa pilipili wakati hujatiwa pilipili, tema na uache. Anayeendelea kula anaweza kuwa mwekundu usoni, kichwa kumgonga, moyo kwenda mbio na mwili kutoka vipele, hayo yote ndani ya muda mfupi. Wengi hudhani wana mzio wa samaki, wakaacha kula samaki maisha yao yote, kumbe kosa lilikuwa la jua na ukosefu wa barafu. Anayepata shida ya kupumua apelekwe hospitali mara moja.

Na mtu akikunong'oneza kwamba kuna kasa, simama uondoke. Sheria inamlinda, na nyama yake inaweza kuwa na sumu isiyo na dawa. Kisiwa cha Panza huko Pemba kilizika watu kwa ajili hiyo mwaka 2021, na tena mwaka 2024, wengi wao watoto.

6. Mpe kila samaki pishi lake

Hapa ndipo watu wanapotupa hela. Wanaagiza jodari wa kukaanga, wanapata kipande kikavu kinachokwama kooni, kisha wanasema samaki wa Unguja hana ladha. Jodari hana mafuta ya kuvumilia karai. Mtie kwenye mchuzi wa nazi wenye ukwaju au embe mbichi, au mchome juu juu kwa mkaa mkali, utamwona ni mwingine.

Tasi ni wa kukaanga. Ni mdogo, ana miiba mingi, lakini nyama yake ni tamu na ngozi inakuwa kama kaki. Miiba yake ya mgongoni ina sumu inayouma vibaya akiwa mbichi, ndiyo maana wapishi huikata mapema. Akishaiva kwenye mafuta hana neno. Mle na wali wa nazi na kachumbari, au muhogo wa kuchemsha. Usimwombe mchuzi, atapotea.

Changu ni wa kupaka, na kupaka ndilo pishi la kuupimia mgahawa. Samaki anachanjwa, anasuguliwa thomu (kitunguu saumu), tangawizi, chumvi, pilipili na ndimu, anachomwa kwa mkaa mpaka ngozi ikaze. Pembeni tui zito linapikwa na bizari na ukwaju mpaka linakuwa zito la kupakika. Kisha anapakwa, anarudishwa motoni, anapakwa tena. Pishi hili halina haraka. Ukiletewa samaki wa kupaka dakika kumi baada ya kuagiza, ujue amekaangwa na kumwagiwa mchuzi wa jana. Agiza, ongea na wenzako, kunywa juisi ya ukwaju. Chewa naye hupendeza hivi, ila akiwa mkubwa sana nyama inakuwa nene na viungo haviingii ndani.

Nguru ni wa mchuzi. Vipande vyake havivunjiki, na mfupa ni mmoja wa katikati, kwa hiyo ukiwa na watoto au mgeni asiyejua kupambana na miiba, mwagizie huyu. Mchuzi mzuri unaujua kwa tui. Mpishi anayejua anatanguliza tui la pili, lile jepesi, samaki aive humo, na la kwanza analitia mwishoni huku akikoroga ili lisikatike. Ukiona mafuta yamejitenga juu na chini kuna maji yenye chembechembe, tui limekatika au lilikuwa la pakiti.

Pweza wa nazi sitamwachia mtu anichagulie. Anapaswa awe amepigwa vya kutosha baada ya kuvuliwa, kisha akachemshwa kwa maji yake mwenyewe mpaka yakauke, ndipo nazi ikaingia. Rangi yake iwe ya zambarau iliyoiva. Jaribu ncha ya mkono wake kwanza: ikikatika kwa meno bila kuvutana, endelea. Mgahawa ukiwa na mkate wa mofa, ule wa mtama, acha wali. Pweza na mofa walizaliwa pamoja. Supu ya pweza inauzwa zaidi jioni mitaani, na sifa zake kwa wanaume mtasimuliwa na muuzaji mwenyewe. Mimi nainywa kwa sababu ya ndimu na pilipili manga.

Ngisi apikwe haraka sana au muda mrefu sana. Katikati ya hapo ni mpira.

Kamba koche, nitasema tu kwamba mgahawa wa wenyeji siyo mahali pake. Anavuliwa kwa ajili ya hoteli, bei yake ni ya hoteli, na mwenye mgahawa atamnunua kwa sababu umeuliza. Kwa hela hiyo mnakula changu watatu.

Papa mkavu wa nazi ni chakula cha wazee na watu wa Pemba. Ana chumvi na harufu nzito, na anayekula kwa mara ya kwanza hukunja uso. Kijiko cha kuonja kinatosha, muhudumu atakuletea. Papa wamepungua sana baharini, kwa hiyo kama humpendi, usimwagize kwa sababu ya kupiga picha.

Vya pembeni visikupite. Achari ya embe, ndimu ya chumvi, pilipili ya kusaga na mchicha wa nazi mara nyingi vinakuja bila kuongezewa bei. Anza na pilipili kidogo. Zile ndogo nyekundu hazina utani.

7. Bei kabla ya moto

Samaki wa mchuzi ana bei ya sahani, inajulikana. Samaki mzima bei yake inategemea ukubwa, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Mwone, uliza bei, uliza kama wali na kachumbari vimo, kubaliana, ndipo aende motoni. Akishaiva huna tena nafasi ya kupunguziwa. Beba fedha taslimu, noti ndogo. Malipo ya simu yapo sehemu nyingi, lakini mzee mwenye mgahawa mara nyingi anamtegemea kijana fulani mwenye simu ya biashara, naye kijana ametoka.

Tahadhari hiyohiyo itakufaa Forodhani jioni. Bustani ile ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, na meza za vyakula zinawaka taa kila magharibi mbele ya jumba la Beit al-Ajaib. Nenda, ni raha, ila chagua meza inayouza haraka, mwombe achome kile kilichokuwa kwenye barafu badala ya kilichopangwa juu, na utajiwe bei ya kila kijiti. Wenyeji wengi pale wanakula urojo na mishkaki, samaki wanawaachia wageni.

8. Kula

Nawa mikono miwili, kula kwa mmoja, wa kulia. Kijiko ukikiomba utapewa, lakini miiba ya tasi inagundulika kwa vidole kabla haijafika kooni. Anza juu ya uti wa mgongo, vuta mnofu kuelekea tumboni, ukimaliza upande mmoja nyanyua uti wote utoke, upande wa pili uko wazi. Mwiba unaokutana nao mdomoni uondoe kwa vidole na uuweke ukingoni mwa sahani, hakuna atakayekushangaa.

Kichwa usikirudishe. Mashavu ya changu, nyuma ya mdomo, yana vinofu viwili laini kuliko sehemu yoyote ya mwili wake. Ukimwachia muhudumu aondoe kichwa bila kukigusa, jikoni watajua umetoka bara. Mkila sinia moja, kula upande wako. Mwenyeji wako akikusogezea minofu, pokea, ndiyo heshima yake kwako.

Mwiba ukikwama, watu watakupa tonge la wali ulimeze bila kutafuna. Wamefanya hivyo miaka nenda rudi, lakini tonge linaweza kuuzamisha zaidi. Kohoa, kunywa maji, na kama bado unauma baada ya hapo, nenda hospitali wakautoe.

9. Baada ya hapo

Kahawa usinywe mgahawani. Lipa, sema ahsante, mwambie mpishi mwenyewe kama amekufurahisha, kwani mara nyingi anakutazama kutoka dirisha la jikoni. Bakshishi si lazima. Ukiacha chenji ndogo inapokewa vizuri. Kisha tembea mpaka baraza lolote lenye buli, Jaws Corner likiwa maarufu zaidi, unywe kahawa chungu kwenye kikombe kidogo na kipande cha kashata, usikilize watu wakibishana siasa na mpira.

Kilichobaki omba ufungiwe. Pweza wa nazi na mchuzi wa nguru ukiweka kwenye friji mapema unafaa mpaka kesho, tena wengine wanaupenda zaidi siku ya pili. Kama unavuka kwenda Dar kwa boti ya jioni na huna barafu, chukua tasi wa kukaanga peke yake, naye umle usiku huohuo. Wa nazi waache, tui halipendi safari.